Historia ya Fundi Mizinga na Makundi Thelathini na Sita ya Nyuki Wake

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili, mimi ni dada mdogo wa marehemu, tumbo moja, tumefuatana, na wale mliosoma sekondari hapo barabarani mnanijua kwa jina la Msimamizi, kwa sababu nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja na nimewanyang'anya vikaratasi baadhi yenu ambao leo naona mnajifanya kuangalia viatu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na kamati ya msiba ilinikabidhi jana karatasi iliyochapwa vizuri sana, ambayo nimeikunja nikaitia mkobani, kwa kuwa ninayo ya kwangu niliyoiandika kwa mkono, na sijamwonyesha mtu yeyote, hata wifi yangu mjane, ambaye namwomba radhi mapema.

Kabla sijaanza, yule bwana aliyesimama peke yake kando ya geti, mwenye shati la kijivu, nyote mnamjua, ni jirani wa marehemu, mkulima wa nyanya, ambaye kwa ajili ya ile pampu ya dawa anayobeba mgongoni tumemzoea kwa jina la Bwana Pampu, na familia ilikaa Jumatatu ikakata kauli kwamba asikanyage makaburini, kwa kuwa ndiye aliyewaua nyuki wa kaka, na kwa hiyo ndiye aliyemuua kaka. Naomba abaki palepale alipo, asiondoke wala asifukuzwe, na mtoto wetu wa kiume aliyejisimamisha mbele yake amekunja mikono naomba arudi akae karibu na mama yake. Sehemu ya maneno haya inamhusu jirani huyo, na nikimaliza kusoma tutajua sote kama ataingia makaburini pamoja nasi au ataishia hapo getini, kwa hiyo mnisikilize kwa utulivu na simu mzizime.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Fundi Mizinga, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya tanuri la matofali, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu baba yetu, mchoma matofali, na marehemu mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Mama alikuwa akisema kwamba katika watoto wake wote huyu ndiye aliyekuwa na pua, hakutia kitu mdomoni kabla hajakinusa, hata maji ya kunywa, na mgeni akiingia ndani yeye humzunguka mara mbili kwanza ndipo ampe mkono, tabia ambayo ilituaibisha sana tulipokuwa wadogo na ambayo, kama mtakavyosikia, ilikuja kumlisha.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1968 na kumaliza mwaka 1974, na alipokuwa darasa la tano machungwa ya mwalimu yaliibwa mezani, akapita dawati kwa dawati akinusa mikono ya wenzake mpaka akamkamata kiranja wa darasa, akasifiwa asubuhi na akapigwa na huyo kiranja jioni. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1976 baba alipofariki, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1979 alisomea useremala katika chuo cha ufundi, akahitimu akiwa wa kwanza katika kuunga mbao bila msumari. Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa katika karakana ya samani iliyokuwa mkabala na kituo cha mafuta, ambako alifanya kazi kwa miaka kumi na tisa, na wenzake wa wakati ule, ambao nawaona watatu hapa mbele, watanithibitishia kwamba kila jioni alichora alama ya penseli mahali randa yake ilipokaa, ili asubuhi ajue nani ameigusa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1988, marehemu alifunga pingu za maisha na wifi yetu, fundi cherehani, ambaye alikuwa mwanafunzi wa mama yetu, na walibahatika kupata watoto watatu, binti mwaka 1989, kijana mwaka 1992, na kitindamimba, binti, mwaka 1997. Wifi alipoolewa aliahidiwa kabati la nguo, kabati la seremala, la milango mitatu na kioo, na alilisubiri kwa miaka minane akitundika nguo zake kwenye misumari, huku mumewe akiwatengenezea kabati watu wa mji mzima.

Ndipo siku ya Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 1996, kundi la nyuki likaingia katika kabati la mke wa daktari wa meno, lililokuwa limekwisha kupigwa vanishi na kutolewa barazani likauke, likaingilia tundu la ufunguo, na mafundi wote wakakimbilia ng'ambo ya barabara isipokuwa kaka, ambaye alivuta kigoda akakaa hatua nne kutoka pale, akakaa mpaka karakana ikafungwa. Aliniambia kwamba kilichomshika si asali, kwani hakukuwa na asali bado, bali ni wale nyuki sita au saba waliosimama kwenye tundu la ufunguo wameinua miguu ya mbele, wakimpapasa na kumnusa kila anayeingia, huyu ndiyo, huyu ndiyo, huyu siye, mshike bawa, mtoe nje. Alisema, dada, kumbe sipo peke yangu. Alimtengenezea mke wa daktari kabati jingine kwa mbao zake mwenyewe, na lile la kwanza akalileta nyumbani kwa mkokoteni likiwa limefungwa shuka, na wifi alipoliona likiingia uani akapiga vigelegele, mpaka aliposikia mlio wa ndani, na mpaka leo hii, wifi, wewe na misumari yako, Mungu anakuona.

Marehemu aliacha kazi ya karakana mwezi Juni 1999 akawa mfugaji wa nyuki na mtengenezaji wa mizinga, na alipofikisha miaka sitini alikuwa na mizinga arobaini na mmoja katika shamba lake la nyuma, kila mmoja na namba ya chaki, na kila sega ndani yake, kwenye fremu yake ya mbao, na namba ya penseli. Ni wajibu wangu kusema alivyokuwa kazini, maana wengi wenu mlimfahamu kwa asali tu. Alichukia sana mtu kusema nyuki ni wakali, akisema nyuki akimchoma mtu mwiba unabaki pale pamoja na matumbo yake, naye anakufa, na hakuna mkali anayekubali kufa kwa kila kofi analopiga, hao ni watu wanaolinda nyumba. Alieleza kwamba anayechoma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na wenziwe wakiinusa hutoka wote, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kula ndizi nyumbani kwake, na posa ya binti yetu mkubwa, mwaka 2015, nusura ivunjike kwa sababu washenga walikuja wamejipulizia manukato, akawarudisha wakaoge. Mkwe wetu, ambaye alichomwa mara tatu siku ile akasimama wima bila kupunga mkono, alikubaliwa kabla hata hajafungua mdomo.

Maadui wa nyuki aliwajua mmoja mmoja na hakumwamini hata mmoja. Kwa ajili ya siafu na sisimizi alisimamisha miguu ya mizinga ndani ya makopo ya oili chafu, na nyuki wenyewe akawasifu kwa kupunguza mlango kwa ile gundi yao nyeusi mpaka ubaki upenyo wa kidole. Mwaka 2008 panya aliingia mzinga namba kumi na mbili akafia ndani, na nyuki, walioshindwa kumbeba, walimpaka gundi mwili mzima ili asioze akawanukisha, akakauka kama kipande cha mbao, na kaka alimweka kwenye chupa sebuleni, pembeni ya picha ya harusi. Wanunuzi wa asali aliwashuku kwamba wanachanganya sukari, wezi aliwawekea unywele wa mkia wa ng'ombe kwenye kila mfuniko, akija kuukuta umekatika anajua, na afisa ufugaji alipokuja kumkagua, yeye ndiye aliyemkagua afisa, viatu kwa soli. Adui aliyemsumbua kuliko wote ni nondo wa nta, kadudu ka kijivu kanakotaga kwenye masega matupu yaliyowekwa akiba, na kwa sababu karakana yake ya nyumbani ilikuwa imeingiwa na nondo hao, miaka mitatu ya mwisho masega yake ya akiba aliyahifadhi kwangu, kwenye stoo yangu yenye sakafu ya saruji na dirisha la wavu.

Sasa tunafika pale ambapo naona wengi mmekaa vizuri kwenye viti. Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, wiki moja baada ya kuongeza masega kwenye mizinga kwa ajili ya msimu wa maua, marehemu aliamka akakuta nyuki wamelala mbele ya mizinga, wengine wamekufa ndimi zikiwa nje, wengine wanazunguka mahali pamoja wakitetemeka, na wale walinzi wa mlangoni wamechanganyikiwa kiasi kwamba waliwashika na kuwatoa ndugu zao wenyewe. Nilikwenda nikamkuta amepiga magoti anawazoa kwa vibao viwili kana kwamba anazoa vipande vya glasi, na katika siku kumi makundi thelathini na sita yalikwisha, yakabaki matano, na kaka yetu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mama, alilia mbele yangu bila kujificha.

Jirani mwenye pampu yuko ng'ambo ya senyenge, na pampu ile tuliiona imeegemezwa kwenye banda lake wiki ileile, kwa hiyo hatukuhitaji mwalimu. Mimi ndiye niliyelisema wa kwanza, tena kwa sauti, nikiwa nimesimama senyengeni na mikono kiunoni, na mimi ndiye niliyeliendeleza sokoni, kwenye kikundi cha akina mama na kwenye foleni ya maji. Bwana Pampu alisema hakupuliza siku zile, na kwamba akipuliza hupuliza jioni nyuki wakisharudi, kwa jinsi Fundi alivyomfundisha, nami nikasema mnamsikia, kajiandaa. Alipokuja kusaidia kuchimba shimo la kuwafukia nyuki, nikasema anakuja kuficha ushahidi, na alipokosa kuja siku ya pili nikasema dhamiri inamsuta.

Na kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu na nikaligeuza, na naomba mlisikie kwa makini. Ile mizinga mitano iliyopona ndiyo iliyokuwa karibu kabisa na nyanya, hatua saba kutoka senyenge, na ile iliyokuwa mbali, huku juu kwenye miti, ndiyo iliyokufa yote. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, lakini mimi, msimamizi wa mitihani miaka thelathini na moja, nilisema huyu ni mjanja kupita tulivyodhani, kaiacha ya karibu makusudi ili tusimshuku, na watu wakatikisa vichwa, wakaniambia kweli mama una jicho. Kwa jicho langu hilo wachuuzi waliacha kununua nyanya zake, mkewe akatolewa kwenye kikundi, na mipira ya pampu yake ikakatwakatwa kwa kisu, na aliyeikata ni wa nyumba hii, namjua na anajijua, na nilinyamaza.

Tangu hapo marehemu hakuwa yule tuliyemzoea, alipungua mwili, alikaa sana kwenye kile kigoda bila kufanya kitu, na mwezi Aprili mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa inamkatika akipanda ngazi mbili za mlangoni, madaktari wakasema moyo umepanuka. Hapo ndipo nikasema sasa imetosha, huyu jirani nitampeleka mahakamani, nikaingia karakana ya kaka kuchukua sega moja kati ya yale ya mwaka jana aliyokuwa ameyafunga kwenye gunia, na kaka aliyekuwa amelala kwenye mkeka pale mlangoni akaniambia, liache hilo, dada. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia wewe mpole mno, nikalifunga kwenye gazeti pamoja na kopo la nyuki waliokufa niliowagandisha kwenye friji yangu, na tarehe 16 Aprili nikapeleka maabara, ili jina la dawa ya nyanya liandikwe kwenye karatasi yenye muhuri.

Alilazwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani, na mimi kwa hiari yangu nilijiweka mlangoni, nikaamua nani aingie na nani asiingie, wauguzi wenyewe wakanizoea. Bwana Pampu alikuja mara nne. Mara zote nne nilimzuia, na mara ya tatu kaka alisikia sauti yake akasema kutoka kitandani, mwache aingie, nina maneno naye, nami nikatoka nikamwambia jirani kwamba mgonjwa amelala. Mara ya nne alikuja na kifurushi cha karatasi, nikakifungua mbele yake, ndani mkiwa na kipande cha sega jipya, jeupe, lenye asali, akasema kuna kundi limejipachika kwenye banda langu la pampu na nimeliwekea mzinga, namletea Fundi aone, nami nikalinusa, nikasema hujatosheka, unataka kumlisha sumu mpaka hospitali, nikalitupa kwenye pipa la taka la wodi. Kaka alinifundisha zamani kwamba hata nyuki mlinzi, mgeni akija mlangoni kwa upole na mzigo wa chavua miguuni, mara nyingi humwacha apite. Mimi nilikuwa mlinzi mbaya kuliko mdudu.

Marehemu aliaga dunia siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, saa tano na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe, na hakuonana na jirani yake.

Jumanne, keshokutwa yake, mpimaji wa maabara alinipigia simu, kijana mwenye adabu, akasema mama, majibu yako tayari, lakini hii siyo dawa ya nyanya, hii ni dawa ya unga, ile ya mende inayouzwa dukani kwenye kopo, imo kwenye nta ya sega zaidi hata ya kwenye nyuki, kwa sababu nta huinyonya na kuitunza, sasa naomba kujua, haya masega yalikuwa yamehifadhiwa wapi. Nikamwambia nitakupigia. Sikumpigia, na kama yupo hapa anisamehe kwa hilo pia.

Ndugu zangu, masega yalikuwa yamehifadhiwa kwangu. Tarehe 27 Novemba 2022 niliona mende wawili stoo, nikawashuku kwamba wamekuja na masanduku ya masega ya kaka, nikanyunyiza ule unga juu ya masanduku na katikati yake, nikafunga mlango, na siku moja kabla ya yeye kuja kuyachukua nikafagia na kufuta kwa kitambaa, kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, kwamba mle ndani nisiingize dawa ya aina yoyote bila kumwambia. Aliyapeleka kwenye mizinga thelathini na sita. Mitano ya senyengeni haikupewa, kwa kuwa nyuki wake walikuwa wamejaza masega yao wenyewe, na hilo ndilo lililowaokoa.

Na msiseme nilikuwa sijui. Tarehe 4 Februari, nyuki wakiwa bado wanakufa, kaka alikuja nyumbani kwangu, akaingia stoo, akasimama katikati kwa muda, na pua ile mnaijua, kisha akatoka akaniuliza taratibu, Msimamizi, humu ndani ulimwaga dawa yoyote? Nikasema hapana. Nikaongeza machozi juu, nikamwambia yaani unanishuku mimi, mdogo wako, damu yako, na adui yako yuko senyengeni anakuangalia, naye akaniangalia kidogo, akasema haya, yameisha. Nilijiambia unga wa mende hauwezi kuua nyuki walio mbali kule, nikajiambia nilifuta, nikajiambia mengi, na kila nilivyozidi kujiambia ndivyo nilivyozidi kupiga kelele juu ya jirani, nikawashuku watu wote wa mji huu ili tu nisifike kwangu.

Jioni ileile ya Jumanne nilikwenda kwa Bwana Pampu na karatasi ya maabara mkononi, mkewe akanipa kiti, ambacho sikustahili, nami nikamsomea mumewe. Hakushangaa. Akaniambia kwamba Jumapili ya tarehe 12 Februari mwaka jana, nyuki wa mwisho walipokufa, Fundi alivuka senyenge akaja kukaa pale nilipokaa mimi, akamwambia, jirani, najua siyo wewe, nimesoma namba za fremu zangu, najua zilikotoka, aliyefanya ni mtu ninayempenda na hakukusudia, nikimtaja leo hatainua uso tena katika mji huu, nivumilie kidogo, nasubiri aseme mwenyewe. Hakumtajia ni nani, na jirani hakuuliza. Alivumilia. Alitukanwa, akasusiwa, pampu ikakatwa, mkewe akalia, na neno moja tu lingemsafisha, lakini alikuwa ameahidi, na pale wodini, aliniambia, alikuwa anakwenda kumuuliza Fundi kama bado wanasubiri.

Kaka, hapo ulikosea, na nalisema mbele ya jeneza lako ili historia ya marehemu isiwe ya sifa tu, ulimbebesha mtu mwema mzigo wa dada yako, na dada yako ulimpa muda ambao aliutumia vibaya. Wifi, na ninyi watoto, uamuzi wa Jumatatu ulisimama juu ya maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa ya uongo, kwa hiyo naomba uvunjwe hapa hapa. Kama baada ya kusikia haya mtaona mimi ndiye nisiyestahili kufika kaburini, nitawaelewa na sitabishana.

Bwana Pampu, haya niliyaandika jana sijui kama leo utakuja, na kama umekuja sijui kama umevumilia kusimama mpaka mstari huu. Kama upo, naomba uingie, ukae mbele pamoja na familia, na mkeo pia, na kama umeondoka nitakufuata nyumbani. Sikuombi unisamehe leo, leo ni siku ya kaka, nakuomba tu uje umzike rafiki yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walimhudumia kaka yetu kwa siku tisa na kunivumilia mimi mlangoni mwao, inawashukuru mafundi wenzake wa karakana, ambao wamelitengeneza jeneza hili bila msumari kama ambavyo angetaka, inawashukuru wafugaji wenzake wa nyuki waliotoka mbali, mpimaji wa maabara aliyesema kweli bila kujua anamwambia nani, na majirani wote, kwanza kabisa jirani wa ng'ambo ya senyenge. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mizinga mitano yenye nyuki, na wa sita uko kwenye banda la pampu.

Kaka yangu, ulisubiri miezi kumi na mitano niseme mwenyewe, ukaondoka ukiwa bado unasubiri. Nimesema. Basi pumzika, kaka, kwa amani.